Mwenye Shida si Happyness, ni Mariamu

Kila unapotajwa mpango wa Jamii Namba, ule wa kumpa kila Mtanzania namba moja ya utambulisho tangu anapozaliwa, mazungumzo hayakawii kuhama kutoka kwenye namba kwenda kwenye majina. Anatokea mtu kuwacheka wazazi wa siku hizi waliomwita binti yao Happyness kwa Y, au Jaqlyne bila C, au kijana wao Brayson. Kisha linafuata onyo: mifumo sasa itasomana, kwa hiyo mpe mtoto jina linaloandikwa kama watu wote wanavyoliandika, asije akasumbuka maofisini. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, lakini umebisha hodi nyumba siyo. Anayesumbuka maofisini mara nyingi si Happyness. Ni Mariamu, ambaye kadi yake ya kliniki inasema Mariam, cheti chake cha shule kinasema Mariamu, na kitambulisho chake cha taifa kinasema Maryam. Tahajia isiyo ya kawaida, peke yake, haimdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni tahajia ambayo hakuna mtu aliyekaa akaiamua, na majina tunayoyaona ya kawaida ndiyo yanayoangukia humo kwa urahisi zaidi.

Tunasahau kwamba majina yetu mengi yaliandikwa na watu wengine. Kabla ya ukoloni, watu wa pwani waliojua kuandika walitumia herufi za Kiarabu, na humo Muhammad ana namna moja tu ya kuandikwa. Wajerumani walipokuja wakaandika kwa masikio yao: Arusha ikawa Aruscha, Moshi ikawa Moschi, Mwanza ikawa Muansa na Bagamoyo ikawa Bagamojo. Miji ilirudishiwa tahajia zake, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikafanya kazi ya kusanifisha namna ya kuandika maneno ya Kiswahili. Majina ya watu yaliachwa. Kila mmoja akabaki na herufi alizopewa na karani wa kodi, padri, au mwalimu wa darasa la kwanza. Ndiyo maana Rais wa awamu ya pili alikuwa Ali Hassan Mwinyi, wakati mshambuliaji Mbwana Samatta jina lake la kati ni Ally, na ni jina lilelile. Rashidi Kawawa alikuwa na I mwishoni ambayo akina Rashid wengi wa leo hawana. Shaaban Robert aliandika A mbili, pengine kwa sababu katika Kiarabu pana sauti ya koo mahali pale, na hadi leo anayeandika Shabani Robert anaonekana hajasoma. Ukivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kongo, Ramadhani anakuwa Ramazani na hakuna anayeona ajabu. Upande wa Wakristo mambo yalikuwa hivyo hivyo: mtoto alibatizwa Yohana, akaandikishwa shule kama John, na nyumbani wakamwita Joni. Kwa kuwa cheti cha ubatizo kilitumika kwa miaka mingi kama ushahidi wa kuzaliwa, wapo wazee wanaobeba majina mawili bila ya wao kuomba.

Hata hicho tunachokiita cha kawaida leo ni uzushi wa juzi uliokomaa. Magreth ni tahajia yetu, na vivyo hivyo Yusuph na Felister, na Agness wa S mbili. Kuna siku mtu wa kwanza aliliandika hivyo na mtu wa pili akakunja uso. Leo ukimwandika Yusuph kwa F atakurudishia karatasi. Brayson na Happyness wako njiani kwenda hukohuko, na mtoto atakayezaliwa miaka ishirini ijayo hataelewa tulikuwa tunacheka nini.

Turudi ofisini, maana huko ndiko onyo lile linakodai kutuokoa. Niliwahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja ya kata nikisubiri barua ya utambulisho, mbele yangu kina mama wawili wameleta watoto kuandikishwa. Wa kwanza alikuwa na kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, Y imepigiwa mstari chini. Alikiweka mezani kabla hata hajasalimia vizuri. Karani alikinakili herufi kwa herufi, akauliza mara mbili, akamgeuzia fomu aisome mwenyewe. Wa pili alitaja tu jina la mwanawe: Mohamedi. Karani hakuuliza chochote. Aliandika anavyojua yeye, na mama akaondoka hajui mwanawe amekuwa Mohamed, Mohammed au Muhamad. Nilimwona akikunja karatasi na kuitia ndani ya khanga bila kuitazama.

Huo ndio mtambo wenyewe unavyofanya kazi, na ndio unaopuuzwa na watoa ushauri. Jina lisilo la kawaida humlazimisha karani asimame. Jina la kawaida humruhusu aendelee. Anaposimama, anauliza, anapouliza, mzazi analazimika kuwa na jibu, na jibu likishatolewa mara moja, mzazi yuleyule atalirudia kliniki, shuleni na kanisani, kwa sababu ameshazoea kusema "andika kwa Y". Mzazi wa Mariamu hana mazoea hayo. Hajawahi kuulizwa, kwa hiyo kila ofisi imemwamulia. Akifika kidato cha nne binti ana majina matatu yaliyofanana kama pacha, na mfumo wa kompyuta hauna habari na pacha: kwake M-A-R-I-A-M na M-A-R-I-A-M-U ni watu wawili.

Gharama ya jambo hili tumeshaanza kuilipa. Mwaka 2019 ilipoamriwa kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa tarehe ya mwisho iliyosogezwa hadi 20 Januari 2020, wengi walikutana kwa mara ya kwanza na namna serikali inavyoyaandika majina yao. Tangu hapo, ukituma pesa kwa simu, unatokea mwandiko usioujua na unampigia mwenyewe kuuliza kama ni yeye. Hilo ni dogo. Kubwa ni pale kijana anapoomba mkopo wa elimu ya juu, cheti chake cha kuzaliwa kikatakiwa kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na jina la cheti likawa halifanani na la mtihani wa kidato cha nne. Kubwa kuliko hilo ni mirathi. Marehemu alifungua akaunti kama Shabani, akaajiriwa kama Shaban, cheti cha kifo kikasema Shaabani kwa sababu aliyekwenda kutoa taarifa ni mkwe. Hapo familia inaambiwa ikale kiapo mahakamani au kwa wakili kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Kila kiapo kina ada yake na nauli yake, na kina siku ya kazi inayopotea. Wanaokula viapo hivyo ni akina Shabani, akina Mwajuma, akina Elizabeth wa S na wa Z. Majina ya bibi na babu zetu.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana wana hoja na si zote ni nyepesi. Iliyo nyepesi kuliko zote ni ile ya ajira: kwamba mwajiri akiona jina lililoandikwa kiajabu atalitupa pembeni. Wanaoisema hupenda kutaja utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 na Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, ambao walituma maombi ya kazi ya kubuni takriban 5,000 huko Boston na Chicago, sifa zikiwa zinalingana, na kugundua kwamba majina kama Emily na Greg yalipigiwa simu kwa asilimia 50 zaidi ya majina kama Lakisha na Jamal. Utafiti ni mzito, lakini unahusu rangi. Jamal anaandikwa J-A-M-A-L bila ubunifu wowote. Kilichomnyima simu ni mwajiri kujua kwamba mwombaji ni mweusi. Ukitaka kuuleta utafiti ule Tanzania, usiutafute kwenye Y ya Happyness. Utafute kwenye jina la ukoo. Mushi, Mwakyusa na Masanja yanamwambia mwajiri mtu katoka wapi kabla hajafungua ukurasa wa pili, na jina la kwanza linamwambia anasali wapi. Mwenye nia ya kubagua ana vya kutosha hapo. Kumwambia mzazi abadili Y iwe I ili mwanawe apate kazi ni kumpa dawa ya jino mtu anayeumwa mgongo.

Hoja ya utani shuleni nayo nitaipita haraka. Watoto hutaniana kwa majina, lakini hutaniana kwa sauti, na Happyness na Happiness vinasikika sawasawa. Aliyeitwa Shida, Tabu au Sikujua, tena kwa tahajia safi kabisa, ametaniwa kuliko Brayson.

Hoja iliyonipa kazi ni ya walimu wa darasa la kwanza. Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina: ukishajua ba, be, bi, bo, bu, unasoma karibu kila kitu. Mtoto anayeitwa Neema huandika jina lake kwa silabi alizofundishwa wiki ileile. Mtoto anayeitwa Jaqlyne anapewa neno la kwanza la maisha yake, lile linaloandikwa juu ya kila daftari, na neno hilo linavunja kila kanuni anayofundishwa. Q haimo kwenye alfabeti anayoimba. Y inasomeka kama I. E ya mwisho ipo lakini hainenwi. Nakubali kwamba hapo mzazi anampa mtoto mzigo. Ila mzigo huo umebebwa na kila Joyce, kila Charles na kila George aliyewahi kupita shule zetu, na hizo ni tahajia zinazosifiwa kuwa sahihi. Anayetaka mtoto asome jina lake kwa kanuni za Kiswahili, kwa hoja hiyohiyo inabidi amwandike Joisi na Chalzi. Sijamsikia anayeshauri hivyo. Kinachoitwa tahajia ya kawaida katika mjadala huu mara nyingi ni tahajia ya Kiingereza, na ubunifu unaochekwa, kama Brayson kwa A-Y, mara nyingi ni Mswahili aliyejaribu kuandika alichokisikia.

Kuna aina moja ya tahajia ambayo nisingemshauri mzazi yeyote, na hapa nakutana na upande wa pili katikati ya njia. Ni ile inayotofautiana na ya wengi kwa herufi moja au mbili tu zilizojificha ndani. Jonh badala ya John. Isack badala ya Isaac. Mirriam wa R mbili. Tahajia hizi hazimsimamishi karani, zinamtia kishawishi cha kusaidia. Ataona kosa, atalisahihisha kwa moyo mweupe, na mzazi hatagundua. Mtu akitaka kwenda tofauti, aende kiasi cha kuonekana. Tofauti nusunusu inabeba hasara ya jina la ajabu na hasara ya jina la kawaida kwa pamoja.

Upande wa wanaotetea ubunifu nao wana hoja inayochakaa. Wanasema jina la kipekee linamtofautisha mtoto katika nchi yenye akina Mohamed Juma wasiohesabika. Kwa msanii ni kweli: Z ya mwisho ya Platnumz na N mbili za Rayvanny zinamfanya anayetafuta ampate yeye na si mwingine. Kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa kweli zamani, wakati mafaili yalipangwa kwa jina. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ofisi ikitafuta kwa namba, akina Mohamed Juma elfu moja hawachanganyiki. Kwa maana hiyo Jamii Namba, au Maisha Namba ambayo wenzetu Wakenya waliianza mwaka 2023 kwa wazo linalofanana, inaweza kulifungua jina badala ya kulifunga: mtoto anatambuliwa kwa namba, na jina linarudi kuwa zawadi ya wazazi. Lakini hilo linategemea mifumo kuamini namba. Ikiwa benki, bodi ya mikopo na mfuko wa pensheni vitaendelea kulinganisha namba halafu vilinganishe na jina herufi kwa herufi, basi tumewaongezea watu kikwazo kipya juu ya kile cha zamani.

Na tahajia ya ajabu ni ya ajabu machoni pa nani? Mwaka 2020 dunia ilicheka Elon Musk alipomwita mwanawe X Æ A-12, na California ikakataa tarakimu kwa kuwa inapokea herufi 26 za Kiingereza tu, jina likageuzwa kuwa X AE A-XII. Watu walidhani hicho ni kituko cha matajiri. Mpigie simu Msukuma yeyote ambaye jina la ukoo wake linaanza na Ng'w. Kibanio kile kidogo juu ya herufi si pambo, kinatenganisha sauti mbili ambazo kila Mswahili anazijua. Lakini sehemu ya pasipoti inayosomwa na mashine duniani kote haina nafasi ya kibanio; kinaondolewa, na Ng'wandu anasafiri kama Ngwandu. Mifumo mingine inakikubali, mingine inagoma, mingine inakigeuza alama isiyoeleweka. Kenya hali ni hiyohiyo kwa akina Ng'ang'a, na Mkikuyu anayetaka kuandika Wanjikũ kama linavyotamkwa huambulia Wanjiku. Hawa hawakubuni kitu. Wameandika jina la babu kwa usahihi kamili, na mashine inawaona wao ndio wenye vituko. Wanaosema tuandike kama watu wote wajibu kwanza swali la Ng'wandu.

Wapo wanaopendekeza serikali iweke orodha. Iceland inayo, pamoja na kamati maalumu ya majina iliyoundwa mwaka 1991, na mwaka 2013 msichana aliyeitwa Blær alilazimika kwenda mahakamani ili atambuliwe kwa jina ambalo mama yake alimpa utotoni. Iceland ina lugha moja ya asili na watu wachache kuliko wilaya kadhaa za Dar es Salaam. Sisi tuna makabila zaidi ya 120, na sijui kamati gani ingekaa Dodoma iamue Mhaya, Mmakonde na Mpemba waandikeje majina ya watoto wao.

Ninachokidai ni kidogo na kina kazi zaidi. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanza Mbeya mwaka 2013, ulipeleka usajili kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na ulikuwa mpango mzuri: Sensa ya 2012 ilikuwa imeonyesha kwamba Bara takriban watu 13 tu katika kila 100 walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Ila kuusogeza usajili karibu na watu kulimaanisha pia kuusogeza mikononi mwa wauguzi na watendaji wenye foleni mlangoni, wanaojaza kwa kalamu jina walilolisikia mara moja katikati ya vilio vya watoto. U ya mwandiko ikasomwa N. Dawa yake haihitaji mashine mpya. Fomu isomwe kwa sauti, herufi kwa herufi, mzazi atie sahihi au dole gumba baada ya kusomewa. Kosa likigundulika kabla mtoto hajaanza shule, lirekebishwe hapohapo kwenye kata bila ada na bila kiapo, kwa kuwa hakuna cheti kingine cha mtoto kitakachopingana nalo.

Mzazi naye ana sehemu yake, na si ile anayoambiwa. Badala ya kuhangaika kama Happyness ni Y au I, achukue kitambulisho cha baba na anakili jina la baba kama lilivyo humo. Utaratibu wetu wa majina matatu, la mtoto, la baba na la babu au ukoo, una tabia ya kuyapitisha makosa. Mama anakwenda kliniki peke yake, anataja jina la mumewe kwa kumbukumbu, Seif anaandikwa Seifu, na mtoto anapokuwa mkubwa anaonekana hana baba kwenye mfumo. Hapo ndipo tahajia ya mtu mmoja inapoacha kuwa yake. Brayson wa leo mwaka 2055 atakuwa jina la kati la mtu mwingine, na wajukuu watakopa A-Y ile bila kuulizwa.

Kuna jambo moja kwenye Jamii Namba ambalo sijasikia likijadiliwa, nalo linanitia wasiwasi kuliko Y zote. Namba itatolewa siku ya kuzaliwa. Jina halitolewi siku hiyo. Waislamu wengi wanasubiri akika siku ya saba, kuna koo zinazosubiri arobaini, na kuna nyumba ambazo jina halitajwi mpaka bibi afike kutoka kijijini. Hospitali wanalijua hilo, ndiyo maana karatasi ya wodini huandikwa "mtoto wa" likafuata jina la mama. Mfumo usioruhusu nafasi ya jina ibaki wazi utamlazimisha muuguzi aijaze, naye ataijaza kwa jina la kwanza litakalotamkwa na shangazi aliyeleta uji. Kabla hatujabishana juu ya herufi, waliobuni mfumo watuambie nafasi hiyo inaweza kukaa tupu siku ngapi, na nani ana ruhusa ya kuijaza.